Nyaraka za API zijichapishe zenyewe, na zikatae kuchapisha uongo

Mradi wa programu huria ukiwa na nyaraka za API (maelezo ya jinsi ya kuitumia maktaba kutoka kwenye programu yako) zilizopitwa na wakati, watu hukimbilia kusema watengenezaji ni wavivu wa kuandika. Kwa niliyoyaona, mara nyingi maandishi yapo, tena mazuri, yamekaa ndani ya msimbo kwenye dokstringi, yale maelezo yanayoandikwa ndani ya funksheni yenyewe. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha kwenye tovuti bila kumtegemea mtu mmoja mwenye laptopu moja aliyoiseti mwenyewe anavyojua. Mtu huyo akipata kazi mpya, akijifungua, au akichoka tu, matoleo yanaendelea kutoka na nyaraka zinabaki nyuma. Inakuwa kama menyu iliyobandikwa ukutani mgahawani: imeandikwa pilau, ukiagiza unaambiwa pilau waliacha kupika tangu Ramadhani.

Mimi natunza maktaba ndogo ya Python inayosoma SMS za miamala ya simu na kuzigeuza kuwa data: kiasi, tarehe, jina la aliyetuma, makato. Watumiaji wake wengi siwajui. Wanaisakinisha kutoka PyPI (ghala la vifurushi vya Python), wanasoma nyaraka, wakikwama wanafungua ishu, yaani wanaripoti tatizo. Ishu zinazochosha kuliko zote si za hitilafu kwenye msimbo. Ni za mtu aliyefuata nyaraka neno kwa neno akapata matokeo mengine, kwa sababu ukurasa aliosoma ulihusu toleo ambalo hana. Huyo huwezi kumlaumu kwa lolote, na wala huwezi kumsaidia zaidi ya kumwomba radhi. Ndiyo maana nasema kuchapisha kwa otomatiki ni kazi ya mchana mmoja tu. Kuifundisha mashine ikatae kuchapisha ukurasa wa uongo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Kwanza angalia kama kazi imeshafanywa

Kabla hujaandika mstari wowote wa YAML, ile lugha ya faili za mipangilio, jiulize unatumia lugha gani. Ukiwa kwenye Rust, huna haja ya kusoma sehemu kubwa ya makala hii: ukipeleka kreti yako (kifurushi cha Rust) crates.io, docs.rs inaijengea nyaraka yenyewe na kutunza ukurasa wa kila toleo. Jambo moja tu la kukumbuka ni kwamba docs.rs hujenga bila mtandao, kwa hiyo kreti inayopakua kitu wakati wa kujengwa itakwamia hapo. Go ina pkg.go.dev, Elixir ina HexDocs, Dart ina pub.dev. Kwa Java, Maven Central inakudai faili la javadoc pamoja na maktaba, na javadoc.io inalichukua hapo na kulionyesha. Kwenye lugha hizi, nguvu zako zipeleke kwenye maandishi.

Python haina kitu kama hicho kilichokuja na nyumba. Tuna Sphinx, ambayo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe, na kiendelezi chake cha autodoc kinachovuta dokstringi kutoka kwenye msimbo. Tuna Read the Docs, iliyoanza mwaka 2010 kama mradi wa mashindano ya Django Dash, na ambayo mpaka leo inahifadhi bure nyaraka za miradi huria. Halafu tuna GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti. Nitaeleza zaidi njia ya Sphinx na GitHub Pages kwa sababu ndiyo ninayoitumia na ndiyo inayoonyesha waziwazi kila kitu kinachoweza kuharibika. Ukichagua Read the Docs, mengi ya hapa chini yanabaki vilevile. Weka tu faili la `.readthedocs.yaml` kwenye repo (hazina ya msimbo wa mradi), maana tangu 2023 hawajengi mradi usio nalo, na makala nyingi za zamani utakazokutana nazo hazilitaji.

Chapisha kile ambacho watu wanasakinisha

Mafunzo mengi yanakuambia uchapishe kila komiti (badiliko lililohifadhiwa) inapoingia kwenye `main`, tawi kuu la msimbo. Sikubaliani nayo, walau kwa maktaba ndogo. Tawi la `main` lina vitu ambavyo bado havijatoka. Mtumiaji akiandika `pip install` anapata toleo la mwezi uliopita, kisha anasoma kuhusu funksheni iliyoingia jana, anaiita, anaambiwa haipo. Nyaraka ni mpya kabisa, na bado zimemdanganya.

Kwa hiyo kwangu, nyaraka zinajengwa kila wakati lakini zinachapishwa tagi ya toleo (alama ya Git inayoonyesha toleo limetoka) inapowekwa tu. Mpangilio wenyewe, kwa GitHub Actions (huduma ya GitHub inayoendesha kazi za mradi zenyewe), ni huu:

```yaml
on:
  pull_request:
  push:
    branches: [main]
    tags: ["v*"]

permissions:
  contents: read

jobs:
  jenga:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
        with:
          fetch-depth: 0
      - uses: actions/setup-python@v5
        with:
          python-version: "3.12"
      - run: pip install . -r docs/requirements.txt
      - run: sphinx-build -W --keep-going -n -b html docs tovuti
      - uses: actions/upload-pages-artifact@v3
        with:
          path: tovuti

  chapisha:
    if: startsWith(github.ref, 'refs/tags/v')
    needs: jenga
    runs-on: ubuntu-latest
    permissions:
      pages: write
      id-token: write
    environment:
      name: github-pages
    steps:
      - uses: actions/deploy-pages@v4
```

Kwenye mipangilio ya repo, upande wa Pages, chagua chanzo kiwe GitHub Actions. Kisha jiandae kwa kikwazo kinachowakwamisha karibu wote wanaochapisha kutoka kwenye tagi: mazingira ya `github-pages` huundwa yakiruhusu tawi kuu peke yake. Kazi ya kujenga itapita vizuri, ile ya kuchapisha itakataliwa, na ujumbe utasema tagi yako hairuhusiwi kwa sababu ya kanuni za ulinzi. Fungua Settings, halafu Environments, ingia `github-pages`, uongeze kanuni ya tagi ya `v*`. Ni dakika moja ukishajua ilipo.

Utauliza, je, nikirekebisha kosa la tahajia kati ya toleo na toleo? Mimi naliacha lisubiri. Kosa likiwa la kupotosha, kwa mfano jina la kigezo limeandikwa vibaya, natoa toleo dogo la tarakimu ya mwisho. Toleo halina gharama wakati mashine ndiyo inayofanya kila kitu.

Ugumu unaanza mradi unapokuwa na matoleo mawili yanayotumika kwa pamoja. Kila `deploy-pages` inapokimbia, inabadilisha tovuti nzima, haiongezi folda juu ya zilizopo. Waliobaki kwenye toleo la 1 wanaamka na kukuta kurasa zao hazipo. Unaweza kurudi kwenye utaratibu wa zamani wa tawi la `gh-pages`, ukaweka folda moja kwa kila toleo, mradi ukumbuke kwamba tovuti ya Pages haitakiwi kuzidi GB 1. Ukienda njia hiyo, washa kiendelezi cha `sphinx.ext.githubpages`. Kinaweka faili tupu liitwalo `.nojekyll`, na bila hilo Jekyll, kijenzi cha tovuti cha GitHub, inaruka folda zote zinazoanza na mstari wa chini, ikiwemo `_static` ambayo ndiyo yenye mitindo na JavaScript za Sphinx. Ukiona tovuti yako imechapishwa lakini iko uchi, maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe, sababu ni hiyo.

Kwa kweli, mradi ukifikia hatua ya kuwa na matoleo mawili hai, mimi ningehamia Read the Docs na kuachana na ufundi wa folda. Ila kuna mtego huko pia. `latest` kwao ni tawi kuu. Toleo la mwisho lililotoka linaitwa `stable`, na usipobadilisha, mgeni hupelekwa `latest`. Badilisha toleo la msingi liwe `stable`, kisha hakikisha viungo vya kwenye README na kwenye ukurasa wako wa PyPI vinaelekea huko.

Kijani kisicho na kitu ndani

Autodoc haisomi msimbo wako kama maandishi. Inauingiza, yaani inafanya `import` halisi, halafu inauliza kila funksheni dokstringi yake. Maana yake ni kwamba kama moduli yako inahitaji maktaba nyingine ambayo haipo kwenye mashine inayojenga, `import` inashindwa. Na Sphinx ikishindwa kuingiza moduli, haisimami. Inaandika onyo katikati ya mistari mingine, inaendelea, inamaliza, inaripoti mafanikio. Alama ni ya kijani. Ukurasa wa API umechapishwa ukiwa na kichwa cha habari na hakuna kingine. Ukurasa mtupu ni mbaya kuliko ukurasa wa zamani, kwa sababu ule wa zamani angalau ulikuwa na kitu.

Dawa yake ni `-W`, inayogeuza onyo kuwa kosa. `--keep-going` inakuonyesha maonyo yote kabla ya kushindwa, badala ya kukupa moja moja kama mtu anayekudai; tangu Sphinx 8.1, `-W` inafanya hivyo yenyewe. `-n` inaongeza ukali: inalalamikia hata rejea inayoelekea kwenye darasa au funksheni isiyokuwepo, na hivyo ndivyo unavyogundua kwamba jina limebadilishwa kwenye msimbo na kusahaulika kwenye maelezo. Kwangu hizo herufi chache ndizo zenye thamani kubwa kuliko mstari mwingine wowote kwenye faili lile.

Kuhusu maktaba nzito, autodoc ina `autodoc_mock_imports`, orodha ya moduli za kuigiza ili `import` ipite. Itumie kwa vile visivyowezekana kabisa kusakinishwa kwenye mashine ya kujengea. Kila kilichoigizwa kinapunguza ukweli wa ukurasa: darasa lako likirithi kutoka kwenye kitu cha kuigiza, nyaraka zake zinaweza kutoka vituko. Na kama moduli yako inafungua faili au kuunganisha na seva mara tu inapoingizwa, autodoc itafanya hivyo pia. Hapo rekebisha msimbo.

Angalia pia mstari wa `pip install .` kule juu. Faili nyingi za `conf.py` zina `sys.path.insert` inayoelekeza Sphinx kwenye folda ya msimbo. Inafanya kazi, lakini unaandikia nyaraka folda yako wakati mtumiaji anapata kifurushi. Faili likisahaulika kwenye ufungaji, nyaraka zitalieleza vizuri na mtumiaji hatalipata. Futa mstari huo, sakinisha kifurushi kama mtu mwingine yeyote, acha Sphinx ikione kilichosakinishwa.

`fetch-depth: 0` nayo ina sababu. Kwa kawaida `actions/checkout` inachukua komiti moja tu, bila historia na bila tagi zilizotangulia. Kama namba ya toleo lako inatokana na Git kupitia zana ya setuptools-scm, na tagi hazipo, utapata namba ya ajabu inayoanza na 0.1.dev, na ndiyo itakayokaa juu ya kila ukurasa. Kwenye `conf.py` nasoma namba hiyo kwa `importlib.metadata.version`, siiandiki kwa mkono popote. Mtu akifungua ishu, namwomba kwanza anitajie namba iliyo juu ya ukurasa na ile anayoipata kwenye `pip show`. Zikitofautiana, mazungumzo yanaishia hapo.

Ukali huu una gharama, nisikufiche. Sphinx ikitoa toleo jipya lenye maonyo mapya, ujenzi wako utavunjika siku ambayo hukugusa chochote, na kwa kawaida ni siku unayotaka kutoa toleo. Ndiyo maana `docs/requirements.txt` inataja namba kamili ya Sphinx na ya kila kiendelezi. Unaipandisha mwenyewe, kwa pul rikwesti yake (ombi la kuingiza mabadiliko), ukiwa na muda.

Mifano iendeshwe

Sphinx inaweza kuthibitisha kwamba funksheni ipo. Haiwezi kujua kama ulichoandika kuihusu ni kweli. Kwa hilo kuna `doctest`, inayoendesha mifano iliyo kwenye dokstringi na kulinganisha matokeo, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 2.1, na bado inatumika kidogo kuliko inavyostahili.

```python
def soma_kiasi(ujumbe):
    """Rudisha kiasi kilichopokelewa.

    >>> soma_kiasi("Umepokea TSh 15,000 kutoka kwa ASHA")
    15000
    """
```

Ukiendesha `pytest --doctest-modules`, mfano huo unakuwa jaribio. Tulipoamua kiasi kirudi kama `Decimal` badala ya namba kamili, kwa sababu ya senti kwenye miamala ya Kenya, majaribio ya kawaida yote yalipita: `Decimal('15000') == 15000` ni kweli kwa Python. Doctest ndiyo iliyokataa, kwa kuwa yenyewe inalinganisha kinachoonekana kwenye skrini. Na kinachoonekana kwenye skrini ndicho anachokiona msomaji wa nyaraka. Bila hiyo, ukurasa ungeendelea kuonyesha `15000` na mtu angeandika programu yake akitegemea hivyo.

Zipo zana za kupima asilimia ya funksheni zenye dokstringi, na Sphinx yenyewe ina `sphinx.ext.coverage`. Nimejaribu kuweka sharti la asilimia 100 na sikuipenda hali iliyofuata. Watu wanaandika "Inasoma ujumbe" juu ya `soma_ujumbe` ili mashine inyamaze. Bora funksheni chache za wazi zenye mifano inayoendeshwa, na zile za ndani zianze na mstari wa chini zisionekane kabisa.

Ruhusa, kwa kifupi

Mafunzo ya zamani yatakuambia utengeneze tokeni yako binafsi uiweke kwenye siri za repo. Huihitaji tena. Kazi ya kuchapisha inapewa `pages: write` na `id-token: write`, za muda wa kazi hiyo tu, na kazi ya kujenga inabaki na ruhusa ya kusoma. Utengano huo ni wa makusudi: kujenga nyaraka ni kuendesha msimbo, na kwenye pul rikwesti ni msimbo wa mtu usiyemjua. Kwa sababu hiyohiyo usiguse `pull_request_target` kwa kazi hii hata kama mtu amekuonyesha kwamba inaondoa usumbufu wa ruhusa. Inakimbia ikiwa na ruhusa za repo yako, na ukiijengea msimbo wa mgeni umempa funguo.

Mambo mengine niliyoyaweka baadaye

Ukaguzi wa viungo vya nje, `sphinx-build -b linkcheck`, uweke kwenye ratiba ya kila wiki, mbali na njia ya uchapishaji. Tovuti ya mtu mwingine ikizimika, toleo lako halina sababu ya kuzuiwa. Ujue tu kwamba kwenye repo za wazi GitHub huzima kazi za ratiba repo ikikaa siku 60 bila shughuli, kwa hiyo ukimya wa ukaguzi hauna maana kwamba viungo vyote ni vizima.

Kila toleo naambatisha pia zip ya tovuti nzima kwa `gh release upload`. Wapo wanaofanya kazi kwa bando la simu, na wapo wanaosafiri na laptopu kwenda mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. HTML ya Sphinx inafunguka bila seva, hata sanduku la kutafuta linafanya kazi. Ni mstari mmoja wa ziada, na ndiyo sehemu ya mradi niliyoshukuriwa zaidi.

Halafu kuna suala la Kiswahili. Dokstringi zetu ziko kwa Kiingereza kwa sababu wachangiaji wanatoka kila mahali, lakini nyaraka zinatolewa kwa lugha zote mbili kupitia zana za tafsiri za gettext na `sphinx-intl`. Niliogopa kwamba tafsiri itachakaa kimyakimya. Utaratibu wenyewe unalinda: aya ya asili ikibadilika, tafsiri yake huwekewa alama ya shaka na haitumiki tena mpaka mtu aipitie, na msomaji anaiona aya hiyo kwa Kiingereza. Ukurasa wenye lugha mbili zilizochanganyika haupendezi, ila hausemi kitu kilichokoma kuwa kweli.

Kama mradi wako ni wa zamani, usiwashe yote haya siku moja. Ukiweka `-W -n` kwenye nyaraka ambazo hazijawahi kukaguliwa utapata mamia ya mistari myekundu na utaizima kabla ya chai. Anza kwa kujenga kwenye kila pul rikwesti bila ukali wowote, ili tu ujue ujenzi unawezekana nje ya laptopu yako. Kisha safisha maonyo ya `import`, maana ndiyo yanayotoa kurasa tupu. Yakiisha, washa `-W`. Doctest ziongeze kwenye zile funksheni ambazo watu wanaziulizia mara kwa mara kwenye ishu. `-n` iache mwisho, na usione haya kujaza `nitpick_ignore`, orodha ya rejea za kupuuzwa, kwa rejea za maktaba za wengine ambazo huna uwezo wa kuzirekebisha.